Waulizeni wadudu wa Msimbazi

Kijana anayeuza vyombo kwenye kona ya Mtaa wa Kongo aliniuliza, "Madam, unataka chujio la chai au la tui?" Nikamwambia nataka la kuvulia wadudu mtoni. Alinyamaza kidogo, akaingia kibandani, akarudi na la tui lenye fremu ngumu na wavu usiolegea. Shilingi elfu nne. Nikaongeza beseni jeupe, kwa sababu juu ya plastiki nyeupe hata mdudu mdogo kuliko punje ya mchele hana pa kujificha, na jozi saba za glavu za mpira. Nyumbani nikalifunga chujio kwenye mpini wa fagio. Hiyo ndiyo maabara niliyoipeleka Bonde la Msimbazi pamoja na wanafunzi wangu sita wa kidato cha tatu, na tulichokiona ndicho kinachonifanya niandike leo.

Nafundisha baiolojia sekondari, huu ni mwaka wa 22, na nimezaliwa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Kwetu sisi Msimbazi ni mtaa kwanza, kisha ni klabu, kisha ni noti ya elfu kumi. Mto huja mwisho. Jirani yake Jangwani naye ni Yanga kabla hajawa bonde. Wiki ya mechi ya watani nchi nzima hutaja majina hayo mawili tangu asubuhi hadi usiku, lakini mto wenyewe, unaoanzia vilima vya Pugu na kusafiri kilomita 35 hivi mpaka baharini penye Daraja la Salenda, tunaujua kwa mafuriko na kwa harufu tu. Mvua ikinyesha Kariakoo, mifereji ya upande wetu inashukia huko. Tunachotupa mbele ya duka kinapita Jangwani kikielekea baharini.

Jumamosi ya kwanza tulishuka upande wa Kigogo. Wazazi walikuwa wamesaini barua, na masharti yalikuwa makali: mimi peke yangu ndiye ninayeingia majini, nikiwa na gambuti, watoto wanabaki ukingoni na glavu zao, hakuna kujigusa uso, na dumu la maji safi na sabuni vipo tayari. Maji yalikuwa ya kijivu, yana povu pembeni, na mifuko imenasa kwenye mizizi. Nilivuruga tope kwa mguu kwa dakika mbili huku chujio nimelitega upande maji yanakoelekea, kisha nikamimina nilichokinasa ndani ya beseni.

Mwanzoni hatukuona kitu. Tope likatulia, na beseni likaanza kuchezacheza. Kulikuwa na minyoo wembamba kama uzi, wamejisokota vifundo. Kulikuwa na mabuu wekundu wanaojipinda mfano wa herufi S. Hao ni watoto wa visubi wasiouma. Viluwiluwi wa mbu walikuwepo, konokono wadogo wachache, na funza mmoja mnene wa kijivu mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake. Msichana mmoja akapaza sauti, "Madam, kumbe hawa ndio Wekundu wa Msimbazi wenyewe!" Tulicheka sote. Lakini swali lake la pili ndilo lililonisimamisha: "Kwa nini wana rangi ya damu?"

Wana rangi ya damu kwa sababu ni damu. Wadudu wengi hawana himoglobini, ile inayoifanya damu yetu kuwa nyekundu. Mabuu hawa wanayo, na minyoo wale wembamba pia wanayo, na kwa hiyo wanaweza kuokoteza oksijeni kidogo iliyobaki kwenye tope ambamo mdudu mwingine angekata roho. Funza mwenye mkia ana njia yake: mkia ule ni mrija wa kupumulia, anausimamisha hadi juu ya maji huku mwili ukiwa umezama kwenye uchafu. Kiluwiluwi wa mbu huja juu kuvuta hewa. Konokono tuliowapata ni wa jamii yenye pafu. Niliwaeleza watoto haya mmoja mmoja, na nilipofika kwa konokono mvulana aliyekuwa akiandika daftarini akaweka kalamu chini. Alikuwa ameelewa kabla sijamaliza. Katika beseni lile hakuna kiumbe hata mmoja aliyeutegemea mto umpe pumzi ya kutosha.

Hapa ndipo lilipo somo zima la uchafuzi wa mto, na sijui jedwali la kitabuni linaloweza kulifundisha vizuri zaidi. Maji ya joto la nyuzi 30, kama yetu, hata yakiwa safi kabisa hayabebi zaidi ya miligramu saba na nusu hivi za oksijeni kwa lita. Hiyo ndiyo akiba yote. Damu ya machinjio, kinyesi, mabaki ya mboga na matunda ya sokoni, vyote hivyo ni chakula cha bakteria, na bakteria wakila wanatumia oksijeni ileile ambayo kaa na kereng'ende wangeitumia. Mvua kubwa zikianza, kila mkazi wa mabondeni anajua kinachofanyika usiku: vyoo vinatapishwa. Maji yanaonekana mengi, yana nguvu, yanafagia kila kitu, kumbe yamebeba mzigo wa miezi sita kwa mkupuo.

Wiki mbili baadaye tulipanda daladala la Gongo la Mboto, tukaunganisha hadi Pugu, tukaomba ruhusa na kuingia pembezoni mwa msitu. Kijito kilikuwa chembamba, unaweza kukiruka. Chujio lilelile, beseni lilelile, dakika mbili zilezile. Safari hii hatukuhitaji kusubiri tope litulie. Kaa mdogo wa maji baridi alikuwa wa kwanza kukimbia. Walikuwepo wadudu wembamba wenye mikia mitatu, wanapepea matamvua yaliyopangwa ubavuni mwa tumbo kama vipepeo vidogo vya ukili. Kiswahili hakijawapa jina la kawaida, na hilo linanisikitisha, kwa sababu ni vigumu kumtetea kiumbe usiyeweza kumwita. Walikuwepo watoto wa kereng'ende, wembamba na wanene, wakali wote. Mmoja alimnyakua mwenzake mbele yetu kwa mdomo wa chini unaokunjuka kama mkono. Na kulikuwa na yule ambaye watoto walimpenda kuliko wote: mdudu anayejijengea kijumba cha chembe za mchanga, akizigandisha kwa hariri yake mwenyewe, anatembea nacho mgongoni kama machinga na mzigo wake. Mvulana wa daftari alikaa naye nusu saa.

Tulitumia jedwali rahisi lililotengenezwa Afrika Kusini, linaitwa miniSASS. Linagawa viumbe wa mtoni katika makundi 13, na kila kundi lina alama yake kulingana na linavyostahimili uchafu. Minyoo wana alama 2. Konokono 4. Kaa na kamba 6. Wajenzi wa vijumba 9. Juu kabisa yupo mdudu mwenye mikia miwili anayeishi chini ya mawe ya mito safi, yenye maji ya kasi. Huyo ana 17. Unajumlisha alama za makundi uliyoyapata, unagawanya kwa idadi ya makundi. Huhesabu mdudu mmoja mmoja, bali unahesabu makundi yaliyopo. Kigogo tulipata makundi matatu, jumla alama 8, wastani 2.7. Pugu tulipata makundi saba, jumla 37, wastani 5.3. Yule wa alama 17 hatukumwona, na sikuwaambia watoto kwamba Pugu ni peponi. Niliwaambia kwamba ni mto uleule, na kwamba kati ya 5.3 na 2.7 tunaishi sisi.

Sasa nieleze kwa nini hesabu hii ni zaidi ya zoezi la shule.

Mjomba wangu alilima mchicha bondeni kwa miaka mingi, mpaka mafuriko ya Desemba 2011 yalipomwondoa. Ni mafuriko yaliyoua watu wapatao 40 jijini, na baadaye familia nyingi za bonde zikahamishiwa Mabwepande. Kabla ya hapo mjomba na wenzake waliwahi kulalamika kwamba usiku, hasa siku za mvua, mto unabadilika rangi, unakuwa mweusi na kuwasha miguu, na asubuhi umerudi kama kawaida. Ofisi moja, sitaitaja, ilituma watu. Walifika saa nne asubuhi, jua linawaka, wakajaza chupa mbili, wakaandika lebo, wakaondoka. Baada ya wiki kadhaa likaja jibu kwamba sampuli iko ndani ya viwango. Mjomba alitaka jambo moja tu: "Waje saa nane usiku." Hawakuja.

Siwalaumu waliojaza chupa. Walifanya kazi waliyotumwa, na chupa ilisema kweli kuhusu saa nne asubuhi ile. Lakini mtu anayefungulia maji machafu usiku anajua ratiba ya chupa kuliko tunavyoijua sisi. Mdudu hana pa kwenda usiku huo. Buu la kereng'ende hukaa majini wiki nyingi, la jamii nyingine miezi, kabla halijapata mabawa. Likipitiwa na sumu Jumanne usiku, Jumatano mchana maji yanaweza kuwa yamesafika, ila kereng'ende hayupo tena, na kutokuwepo kwake utakuona Ijumaa, utakuona na mwezi ujao. Pale pa mjomba, mtu angeshuka na chujio saa nne ileile ya asubuhi asingehitaji kukesha.

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka mia moja. Wajerumani Kolkwitz na Marsson walipanga viumbe wa majini kwa kiwango cha uchafu mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza wakaja na mfumo wao wa alama, Afrika Kusini wakatengeneza wa kwao. Na kipimo cha kwetu kipo, kwa mito yetu, kwa viumbe wetu. Kinaitwa TARISS, Mfumo wa Alama za Mito ya Tanzania. Dk. Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake Jenny Day na Helen Dallas walikichapisha mwaka 2015 katika jarida la Afrika la sayansi ya majini. Kinakwenda ndani zaidi ya jedwali nililotumia na watoto, kwa sababu kinatenganisha familia za wadudu, na anayekitumia anahitaji mafunzo. Lakini kazi yote inafanyika palepale ukingoni, wadudu wanatambuliwa kwa macho na kurudishwa majini wakiwa hai. Mimi nilijua habari zake nikiwa tayari na miaka mingi darasani. Nilifundisha minyoo na wadudu kwa michoro ya viumbe wa Ulaya huku kipimo chetu kikiwa kimetengenezwa na mtu wa Mlimani, mwendo wa daladala moja kutoka hapa. Hilo lanichoma mpaka leo.

Lazima niseme pia kisichowezekana, kwa sababu nimesikia watu wakitaka mdudu awe jibu la kila kitu. Wadudu hawawezi kukwambia ni sumu gani imepita, wala imetoka bomba la nani. Hawawezi kukwambia kama maji yana kipindupindu. Mwaka 2015 ugonjwa ule ulipoanzia Kinondoni na kusambaa nchini, aliyejua ni daktari na maabara. Na mchicha unaoushika asubuhi sokoni, unaong'aa na umande, hauwezi kusafishwa jina na kereng'ende. Watafiti wamekuta madini mazito, risasi ikiwemo, katika udongo na mboga za bonde letu, na hayo yanatafutwa kwa mashine. Vilevile ukifika karibu na Salenda, maji ya bahari yanapanda na mikoko inaanza, kipimo cha mto wa maji baridi hakifai tena. Huko viumbe wanapungua kwa sababu ya chumvi, si kwa sababu ya mtu. Atakayehesabu pale na kutoa hukumu atakuwa amedanganya bila kujua.

Mwalimu mwenzangu aliniambia, kwa nia njema, "Watu hawana maji ya uhakika bombani, wewe unahesabu funza." Nimelifikiria sana neno lake. Kupima madini na vijidudu vya magonjwa kuna gharama kubwa, na hakuna atakayepima mto wote kila wiki. Kwa hiyo swali la mwenye bajeti ndogo ni hili: nichukue sampuli wapi, na lini? Hapo ndipo chujio la elfu nne linapostahili heshima. Ukihesabu wadudu sehemu tano kuanzia Pugu kushuka Kinyerezi na Tabata hadi Kigogo, utaona alama zinaanguka wapi. Zikianguka kati ya daraja hili na lile, peleka chupa zako hapo, na walinzi wako, na uende usiku.

Na wakati wa kusema haya ni sasa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi: daraja jipya la Jangwani lililoinuliwa, mto kupanuliwa na kuchongwa, watu kulipwa na kuhama, na baadaye bustani ya jiji mahali ambapo maji yalikuwa yakiingia majumbani. Mimi ni mmoja wa wanaoushukuru mradi huu. Nimekwama Jangwani mara nyingi nikiwa na madaftari kichwani, nimeona mabasi ya mwendokasi yamezama karakana nzima. Ila nikisikiliza jinsi mafanikio yanavyoelezwa, nasikia mita za daraja, hekta za bustani, idadi ya kaya. Sisikii nani ataishi ndani ya maji. Mto unaweza kunyooshwa, ukajengewa kingo nzuri, ukapandwa nyasi, wapenzi wakapiga picha, na ndani yake wakabaki walewale wanaopumua kwa mrija.

Naomba kitu ambacho hakitaongeza hata asilimia moja ya gharama. Alama za TARISS ziwekwe miongoni mwa vipimo vya mradi: zipimwe kabla mitambo haijavuruga zaidi, zipimwe wakati wa kazi, na zipimwe kwa miaka kumi baada ya wakandarasi kuondoka. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu isimamie, Chuo Kikuu kifundishe, na shule za sekondari zilizo kandokando ya bonde zihesabu mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na kabla ya vuli. Matokeo yasifungiwe kwenye ripoti. Yaandikwe kwa rangi kwenye ubao nje ya kila ofisi ya serikali ya mtaa, pale yanapobandikwa matangazo ya usafi na ya misiba, ili mama anayepita na kapu ajue alama za mto wake kama anavyojua matokeo ya ligi.

Sheria haitukatazi. Inatusukuma. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazungumzia maji ya akiba, na inayaeleza kama kiasi na ubora unaohitajika kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa kulinda mfumo wa ikolojia wa majini. Mfumo huo ni pamoja na viumbe wanaoishi majini, na umetajwa na Bunge letu. Mtu hawezi kusema amewalinda kama hajawahi kuinama kuwatazama.

Kuhusu watoto, nina wasiwasi mmoja ambao sijaumaliza. Mto wa Kigogo si mahali salama pa kuwapeleka wanafunzi, na sitaki shule nyingine ifanye tulichofanya bila gambuti, sabuni na mtu mzima anayeelewa. Serikali ikikubali hoja hii, glavu na chanjo ya homa ya matumbo viwe kwenye bajeti kabla ya beseni. Lakini wale sita wamebadilika. Yule msichana wa swali la damu alimzuia baba yake, mwenye genge la matunda, asimwage maganda mferejini. Baba mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akanishukuru na kunilaumu kwa pamoja, maana sasa anakodi mkokoteni.

Mwezi uliopita wavu wa chujio ulichanika. Nikarudi kona ya Mtaa wa Kongo. Yule kijana alinikumbuka. "Madam, uliwapata?" Nikamwonyesha picha kwenye simu, kwanza yule mwenye kijumba cha mchanga, kisha wale wekundu. Akauliza wekundu ni wa wapi. Nikamwambia Kigogo. Aliivuta picha ikawa kubwa, akaitazama, akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aone, halafu akauliza kama maji ya mfereji uliopita nyuma ya kibanda chake yanaingia kwenye mto huo. Nikamwambia ndiyo. Chujio la pili aliniuzia kwa elfu tatu, na akataka siku tukienda tena nimwambie. Tumepanga Jumamosi ya kwanza masika yakikatika, saa moja na nusu asubuhi, kituo cha mwendokasi cha Fire. Gambuti atakuja nazo mwenyewe.